Kompresa ya Mtumba na Stima ya Nyumbani: Lugha ya Karakana na Suala la Fezi Tatu

Ikisiri

Makala hii inachunguza tatizo linalowakabili mafundi wengi wa jua kali, yaani kuendesha kompresa kuukuu ya kiwandani kwa stima ya nyumba ya kawaida. Hoja inayojengwa ni kwamba kiini cha tatizo si upungufu wa nguvu pekee, kama jina "stima kubwa" linavyodokeza, bali ni zamu: namna nyaya tatu zinavyopokezana kazi. Pale neno linapolificha jambo hilo, fundi hulipa kwa mota iliyoungua, na pengine kwa hasara kubwa zaidi ya hiyo.

Utangulizi

Katika karakana, hewa iliyoshindiliwa ni zana sawa na nyundo. Ndiyo inayopuliza rangi juu ya mlango wa gari, inayojaza tairi la matatu, inayopangusa vumbi penye injini na kuzungusha spana ya kufungulia nati zilizokaza. Pale Kariobangi Light Industries au katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mngurumo wa kompresa ni sehemu ya sauti za mchana. Hata hivyo, kompresa mpya yenye uwezo wa kufanya kazi kutwa nzima ni ghali, na kwa hiyo wengi hugeukia ya mtumba. Neno hili mtumba, ambalo asili yake ni mzigo uliofungwa, lilipata umaarufu kwa nguo kuukuu. Sasa limepanuka kimaana hadi kubeba mashine zilizostaafishwa katika viwanda vya Uingereza, Japani na kwingineko.

Chukua mfano wa fundi wa kupaka magari rangi aliyekodi kibanda nyuma ya nyumba ya kupanga. Ameunganisha akiba yake na mkopo wa chama, akanunua kompresa ya nguvu farasi 7.5 yenye mtungi wa lita 200. Muuzaji aliiwasha mbele ya macho yake katika ghala, ikanguruma vizuri na mshale wa geji ukapanda. Kufika nyumbani, fundi anagundua kwamba waya wa mashine una nyuzi nne, ilhali soketi ya ukutani ina matundu matatu. Anamwita kijana wa mtaani anayejua mambo ya stima. Kijana anaziangalia nyuzi, anamwambia, "Mzee, fezi tatu ni stima hii hii, ila ni nyingi," kisha anazifunga mbili kwenye laivu na ya tatu kwenye nyutro. Ile ya nne, ya rangi ya kijani na manjano, anaikata kwa sababu "haina kazi". Swichi inabonyezwa. Mota inaguna pasipo kuzunguka, taa za nyumba zinafifia, na kabla dakika haijaisha kibanda kinajaa harufu ya vanishi inayoungua.

Mfano huu umetungwa, lakini kila kosa lililomo ni la kawaida. La kuzingatiwa na mwanafunzi wa Kiswahili ni kwamba kijana huyo hakufanya uzembe. Alifanya hasa kile ambacho maneno aliyokuwa nayo yalimwelekeza kufanya. Kama fezi tatu ni stima "nyingi" tu, basi kuigawa stima moja katika nyuzi tatu ni hatua ya kimantiki kabisa.

Stima, njia na fezi

Msamiati wa umeme nchini Kenya una tabaka kadhaa. Neno umeme lenyewe ni la kale, na maana yake ya kwanza ni ile nuru inayochana mawingu wakati wa mvua. Stima, ambalo ndilo lililoshika mitaani, ni neno lililotoholewa kutoka Kiingereza cha enzi ya mvuke, na wengi walitumiao hawakumbuki tena kwamba lilihusiana na meli na injini za moshi. Kawi ni neno la ofisi na la taarifa za habari. Ndani ya karakana husikika laivu, nyutro, athi, fyuzi, mota, kepasita. Haya ni maneno ya mkopo yaliyonyooshwa yakafuata sauti za Kiswahili, na hayana ubaya wowote.

Neno lenye matata ni fezi. Nchini Tanzania, wateja wa umeme huelezwa kuhusu "umeme wa njia moja" na "umeme wa njia tatu". Tafsiri hiyo inapendeza kwa mtu anayethamini usafi wa lugha, kwani kila mzungumzaji anaijua njia ni nini. Ila ndipo ulipo mtego. Njia tatu ziendazo mahali pamoja zinaweza kubadilishana: moja ikifungwa, msafiri hupita nyingine. Njia tatu zinaweza pia kuunganishwa zikawa moja pana. Sifa hizo zote mbili si za fezi tatu. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja ikiwa imesimama, haianzi kuzunguka kabisa. Ikiipoteza ikiwa kazini, hujikokota kwa zilizobaki, huvuta mkondo mwingi kupita kiasi na kuungua isipozimwa mapema. Fezi, kwa upande wake, ni neno geni lisilosema lolote kwa mzawa wa lugha, lakini angalau halimdanganyi. Mijadala ya istilahi vyuoni mara nyingi huzama katika asili ya neno, iwapo ni la Kibantu, la Kiarabu au la Kiingereza. Karakana ina swali lake tofauti: je, neno hili litaufanya mkono ufanye nini?

Zamu

Umeme unaofika nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240 kati ya laivu na nyutro. Haumiminiki upande mmoja kama maji ya bomba. Huenda na kurudi, ukipanda hadi kilele upande huu, ukishuka hadi sufuri, ukipanda upande wa pili na kurejea, mara 50 katika kila sekunde. Mzunguko mmoja kwa hiyo huchukua milisekunde 20. Katika mfumo wa fezi tatu, nyaya tatu hufanya mwendo huohuo, lakini si kwa pamoja: kila moja hufuata iliyoitangulia kwa theluthi moja ya mzunguko, yaani kama milisekunde 6.7. Ya kwanza ikiwa kileleni, ya pili inapanda, ya tatu bado iko mbali.

Taswira iliyo karibu zaidi ni ya kina mama watatu wanaotwanga kinu kimoja. Michi ni mitatu, kinu ni kimoja, na mapigo hayagongani kwa sababu kila mtwangaji ana zamu yake. Anayedhani kwamba kutwanga kwa watatu ni kuishusha michi yote kwa pigo moja hajawahi kuketi karibu na kinu. Kwa sababu ya kupishana huku, volti kati ya fezi moja na nyingine si mara mbili ya 240 wala si 240 yenyewe. 240 zikizidishwa kwa 1.73, ambacho ni kipeuo cha pili cha 3, hupatikana 415. Hiyo ndiyo namba inayotajwa nchini kwa stima ya viwandani, na ndiyo iliyozaa jina "stima kubwa". Namba ni kubwa kweli, lakini ukubwa wake ni matokeo ya zamu.

Ndani ya mota, koili za waya wa shaba zimepangwa kwa duara. Zamu inapotoka koili hii kwenda ile, nguvu ya sumaku nayo hutembea kuzunguka duara, na rota iliyo katikati huifuata. Kwa marudio 50 kwa sekunde, mota yenye ncha nne za sumaku huwa na duara la sumaku linalozunguka mara 1,500 kwa dakika, na rota hubaki nyuma kidogo, yapata 1,440. Hakuna anayeisukuma ianze. Mpangilio wenyewe wa zamu unatosha.

Fezi moja haina wa kupokezana naye. Sumaku yake huvuta huku, ikasukuma huko, palepale. Anayetaka kulielewa hili na aifikirie baiskeli iliyobaki na pedali moja, nayo pedali imesimama juu kabisa. Mwendeshaji anaweza kuikanyaga kwa uzito wake wote na gurudumu lisisogee. Mtu akimsukuma kidogo kutoka nyuma, pedali hupita kileleni na safari huendelea kwa mguu ule ule mmoja. Mota za fezi moja za kompresa ndogo hupewa msukumo huo kwa koili ya ziada na kepasita, ambayo huchelewesha au kutanguliza mkondo ili ipatikane zamu ya pili ya bandia. Mota iliyotengenezwa kwa fezi tatu haina msaada huo. Ndiyo maana ya kijana iliguna ikakaa: ilikanyagwa pedali iliyo juu. Mota iliyosimama huku ikipewa umeme huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida, na mkondo wote huo huishia kuwa joto katika vanishi inayozitenga nyuzi za shaba.

Kibati husema kabla ya muuzaji

Kila mota ya kiwandani ina kibati kilichogongwa kwa chuma, na ni maandishi mafupi yanayostahili usomaji wa makini kama shairi lolote. Alama ya "3" yenye kiwimbi ubavuni humaanisha fezi tatu. Kilowati au nguvu farasi huonyesha kazi ambayo mota inaweza kuifanya. Nguvu farasi 7.5 ni kilowati 5.5 hivi. Ampea huonyesha mkondo. Lakini mstari ambao wengi huupita haraka ni ule wa volti, ambako huandikwa namba mbili na alama mbili, pembetatu na nyota.

Alama hizo zinahusu jinsi koili tatu zinavyofungwa ndani ya kisanduku cha mota. Kibati kikisema 230/400, maana yake ni kwamba mota ikifungwa kwa pembetatu inataka volti 230 kati ya fezi na fezi, na ikifungwa kwa nyota inataka 400. Kikisema 400/690, pembetatu ndiyo inayotaka 400, na mota hiyo haina namna ya kuridhika na 240. Mota ndogondogo za Ulaya, hadi kama kilowati 3, mara nyingi huwa za aina ya kwanza, na kubwa kuliko hizo mara nyingi huwa za aina ya pili. Mashine za Japani aghalabu huandikwa volti 200, na zile za Marekani hutengenezewa marudio 60 kwa sekunde. Mota kama hiyo ikifungwa kwenye umeme wa marudio 50 huzunguka kwa sehemu tano kati ya sita za kasi iliyoandikwa, na hewa inayotolewa hupungua kwa kiasi hicho.

Tofauti ya pembetatu na nyota ndiyo inayoamua, kabla ya shilingi kulipwa, iwapo mashine inaweza kuokolewa nyumbani. Fundi wa mfano hakuulizia.

Mlango wa nyumba ni mdogo

Tuseme sasa kwamba tatizo la zamu limetatuliwa. Bado lipo la kiasi, na hapa neno "ndogo" lina haki yake. Plagi ya kawaida nchini ina fyuzi ya ampea 13. Zikizidishwa na volti 240, hupatikana wati 3,120, na huo ndio ukomo wa soketi moja. Mota ya fezi moja ya nguvu farasi 2 huvuta ampea 9 au 10 ikiwa kazini, kwa hiyo hupita, japo inapoanza huitikisa fyuzi. Mota ya kilowati 5.5, kama ingekuwa ya fezi moja, ingevuta yapata ampea 32. Kwa fezi tatu za volti 400, kazi hiyohiyo huhitaji ampea 11 tu katika kila waya, kwa kuwa mzigo umegawanywa. Hivyo, mashine iliyokuwa ikinywa taratibu kutoka vikombe vitatu inatakiwa nyumbani inywe yote kutoka kimoja.

Wengi hujaribu kuepuka swichi inayojizima kwa kuweka fyuzi kubwa au kuipita kwa kipande cha waya. Hili halihitaji maelezo marefu: fyuzi huulinda waya uliofukiwa ukutani, na ikitolewa, ukuta ndio utakaoungua. Kosa jingine halitambuliki upesi. Mwenye kibanda mbali na nyumba huvuta waya mwembamba wa mita 30 au 40. Volti hupungua njiani, mota hudhoofika, na kwa kuwa imedhoofika huvuta mkondo zaidi na kupata moto. Dawa yake ni kinyume cha mazoea. Kompresa iwekwe karibu na kisanduku cha swichi, kwa waya wake yenyewe mnene, na kinachorefushwa kiwe bomba la upepo. Hewa husafiri umbali huo kwa hasara ndogo.

Uzi wa kijani na manjano, ule uliokatwa kwa kukosa kazi, ndio wa athi. Kweli hauna kazi siku zote isipokuwa ile siku moja vanishi inapobabuka na laivu kugusa bodi ya mashine. Athi ikiwepo, mkondo hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika. Isipokuwepo, bodi nzima ya chuma, pamoja na mtungi wenye unyevu na bomba la maji lililo karibu, huwa laivu ikimngoja mtu. Hapa pia lugha ina ukungu wake. Shoti kwa baadhi ya wazungumzaji ni nyaya kugusana, na kwa wengine ni mtu kupigwa na umeme, jambo ambalo Nairobi huitwa kurushwa na stima. Mtu akiarifiwa kwamba mashine "ina shoti", anaweza kuelewa kwamba haitawaka, kumbe aliyemwarifu alitaka kusema asiiguse.

Namna za kuiwasha

Njia iliyo wazi kuliko zote ni kuomba fezi tatu kutoka Kenya Power, kazi ya ndani ikifanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Palipo na laini ya fezi tatu barabarani, na biashara inayotarajiwa kudumu, hakuna hesabu nyingine inayoshinda hii. Mpangaji wa kibanda ana shida ya kumshawishi mwenye nyumba, na palipo na laini ya fezi moja tu gharama hupanda sana.

Ya pili ni kuitoa mota na kufunga nyingine ya fezi moja, ndogo, tuseme ya nguvu farasi 3. Fundi wengi huifikia njia hii na wengi hukosea palepale: hufunga mota ndogo kwenye puli ileile. Pampu haijui kwamba mota imebadilishwa. Ikizungushwa kwa kasi ileile itadai nguvu ileile, na mota mpya itaungua kama iliyotangulia. Kwa presha isiyobadilika, nguvu inayodaiwa hukaribia kwenda sambamba na kasi ya pampu. Kwa hiyo ni lazima puli ya mota ipunguzwe. Kasi ya pampu ni kasi ya mota ikizidishwa na kipenyo cha puli ya mota na kugawanywa kwa kipenyo cha gurudumu la pampu. Mota ya 1,440 yenye puli ya sentimita 25, ikivuta gurudumu la sentimita 40, hutoa mizunguko 900. Ili nguvu farasi 3 zitoshe mahali pa 7.5, kasi inapaswa kushuka hadi asilimia 40, yaani 360, na puli iwe ya sentimita 10.

Hesabu hiyo ni safi kwenye karatasi. Ndani ya pampu kuna jambo jingine. Pampu nyingi za pistoni hupata oili kwa kurushiwa: kijiko kilicho chini ya fimbo ya pistoni huchota oili na kuitapanya kila mzunguko. Kasi ikishuka mno, oili haifiki juu, na pampu iliyookolewa dhidi ya mota inakufa kwa kiu. Kila pampu ina kasi ya chini inayokubalika na mtengenezaji, na 360 yaweza kuwa chini ya hapo. Ndiyo sababu ushauri wa mafundi wazoefu huwa kwamba mashine ya nguvu farasi 3 hadi 4 inaweza kushushwa na ikafaa, ila ya 7.5 hushushwa ikawa mzee asiyemaliza kazi: mtungi wa lita 200 unajaa polepole, na bunduki ya rangi inaumaliza upesi.

Ya tatu ni kifaa cha elektroniki kinachopokea fezi moja na kutoa zamu tatu. Katika maduka huitwa inveta, na jina hilo limeshawatia watu hasara, kwa sababu inveta ya sola nayo ni inveta. Ya sola hubadili umeme wa betri kuwa wa volti 240 wa fezi moja, na haimsaidii fundi huyu kwa lolote. Inayotakiwa ni ya kuendeshea mota. Ikipewa 240 ya fezi moja, kwa kawaida hutoa fezi tatu za volti zisizozidi 240, na hapo ndipo kibati kinaporudi kudai heshima yake: mota ya 230/400 itafungwa pembetatu na kuridhika, ya 400/690 haitaridhika. Faida yake kubwa ni kwamba huianzisha mota polepole, kwa hiyo ule mkondo mara 5 au 7 hautokei na taa za jirani hazififii. Lakini haiumbi nguvu kutoka hewani. Kilowati 5.5 bado zitapita mlango uleule. Aidha, swichi ya presha iliyo juu ya mtungi, ambayo zamani ilikata umeme wa mota moja kwa moja, isiachwe kati ya inveta na mota. Kukatakata hapo kunaweza kuiua inveta. Nyaya zake hupelekwa kwenye vituo vya amri vya inveta, ili mota iamriwe kusimama badala ya kunyang'anywa umeme.

Wapo wanaotumia kepasita kuitengenezea mota ya fezi tatu zamu ya bandia. Hufanya kazi kwa feni na pampu nyepesi, lakini mota hubaki na takriban theluthi mbili ya nguvu zake, na msukumo wa kuanzia huwa dhaifu sana. Kompresa ni mzigo mbaya kwa mota dhaifu, kwa kuwa huanza kazi ikikabiliana na hewa iliyokwisha kushindiliwa. Wenye ubunifu zaidi huzungusha kwanza mota nyingine tupu ya fezi tatu, kubwa kuliko ya kompresa, ikawa ndiyo inayozalisha fezi iliyokosekana. Mbinu hiyo ni halali kiufundi, mradi aifungaye ajue anachofanya. Kwa kazi ya kando ya barabara, wengi huachana na stima kabisa na kufunga injini ya petroli, na hapo sharti moja ni kwamba isiendeshwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wake huua bila harufu kali ya kumwamsha mtu.

Njia yoyote ikichaguliwa, kuna sauti moja ambayo fundi hana budi kuisikiliza. Kompresa iliyo nzima inapojizima hutoa "shhh" fupi. Hiyo ni vali ndogo inayotoa hewa iliyobaki kati ya pampu na mtungi, ili mota itakapoanza tena isikute pistoni imekabwa. Sauti hiyo ikikosekana, hata mota sahihi kwenye umeme sahihi itaguna kama ile ya kijana. Mota nyingi hupelekwa kusukwa upya kwa kosa la vali.

Presha na mtungi

Neno la mwisho ni presha. Vitabu vya fizikia vya Kiswahili hutumia kanieneo, madaktari hutumia shinikizo, na mitaani presha ni ugonjwa kabla haijawa kipimo. Mtu "ana presha", na mtu huyo ni wa kuonewa huruma. Karakanani maana hugeuka: mashine yenye presha ni ya kusifiwa, na isiyo nayo imechoka. Hiyo ndiyo hatari ya neno hili, kwamba limekuwa sifa. Fundi aliyefunga mota dhaifu na kuona bunduki ya rangi haina nguvu hushawishika kukaza skrubu ya swichi ya presha ili mshale upande zaidi, na vali ya usalama ikianza kulia huizima kwa boliti, akiiona ndiyo inayomwibia upepo.

Mtungi wa lita 200 uliojaa hadi bar 8 umebeba hewa ya ziada ya lita 1,600 iliyolazimishwa kukaa mahali pa 200. Nguvu iliyomo inakaribia kilojuli 200, takriban sawa na ya gari la tani moja liendalo kilomita 70 kwa saa. Tofauti ni kwamba gari linaonekana likija. Hewa ikishindiliwa hutoa maji, maji hutulia sehemu ya chini ya mtungi, na kutu hula chuma kutoka ndani pasipo rangi ya nje kuonyesha dalili. Mtungi wa mtumba uliokaa ghalani miaka kadhaa bila kufunguliwa koki ya chini ni mtungi wa kushukiwa, hata kama umepakwa rangi mpya, na pengine kwa sababu umepakwa. Kuuchomelea kiraka ni kuongeza kosa, maana chuma kilichobaki kandokando ya kiraka kimeliwa vilevile.

Kipimo chake kipo na si cha ajabu. Mtungi hujazwa maji hadi juu, hewa yote ikitolewa, kisha maji hayo hushinikizwa kwa pampu ya mkono, kwa kawaida hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Maji hayashindiliki kama hewa, kwa hiyo mtungi ukishindwa hupasuka kwa kuvuja tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inaitambua mitungi ya hewa kuwa vyombo vya kukaguliwa na watu walioidhinishwa. Kibanda cha nyuma ya nyumba ni mahali pa kazi pia, ingawa hakuna bango mlangoni.

Mtungi nao una kibati chake, tofauti na cha mota, kinachotaja ujazo, mwaka uliotengenezwa na presha isiyopaswa kuvukwa. Mara nyingi ndicho kinachofunikwa na rangi mpya, au hubanduliwa kabisa. Fundi wa mfano, baada ya mota yake kusukwa, akikwangua rangi hiyo kwa kisu na kukuta matundu manne ya ribiti bila kibati, hana tena njia ya kujua mshale wa geji ulipaswa kuishia wapi.